Injini Inagonga? Ongeza Sauti ya Redio

Dawa ya kwanza ya injini inayogonga, na ndiyo inayotumika kuliko zote mjini, ni redio. Haihitaji spana wala fundi, na inafanya kazi papo hapo. Ukitoka kwenye maegesho asubuhi ukasikia kitu kinalia tik-tik-tik chini ya boneti, nyoosha mkono, ongeza sauti mpaka taarabu, singeli au mahubiri yaizidi injini. Mwenzio wa kiti cha mbele akiuliza, "Baba Asha, nini hicho kinalia?" mjibu kwa utulivu wa mtu aliyesomea: "Barabara hii, mbovu." Kama mko kwenye lami mpya, sema ni upepo.

Redio ikizidiwa, pandisha vioo uwashe kiyoyozi. Kiyoyozi nacho kina kompresa, na kompresa ya gari la makamo ina sauti zake, lakini hapo angalau utakuwa na makelele mawili yanayofunikana. Wako watu wenye subira walioendesha hivyo miezi na miezi, mpaka siku konrodi ilipotoboa ubavu wa injini ikatoka nje kuwasalimia.

Mwongozo huu ni kwa wale ambao redio yao imeharibika.

Anza kwa kukubali kwamba gari lako si jipya. Serikali ilishakuambia: gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe linatozwa ushuru wa uchakavu bandarini, nawe ukalipa, ukatia risiti kwenye droo, kisha ukarudi mtaani kuliita jipya kwa kuwa ni namba E. Dashibodi nayo inakusaidia kujidanganya. Sasa fungua mlango wa dereva, utazame ubavuni mwa fremu, pale mlango unapojifungia. Mara nyingi kuna stika ndogo iliyobandikwa na gereji ya Japani siku oili ilipobadilishwa, imeandikwa tarehe na kilometa. Stika inasema 131,000. Dashibodi inasema 78,000. Aliyekuuzia atakuambia Kijapani kinasomwa kutoka kulia. Usibishane naye. Na tarehe ikiwa 22.5.14, hiyo 22 si siku ya mwezi: ni mwaka wa 22 wa enzi ya Heisei, yaani 2010. Chukua kilometa za stika, jumlisha ulizotembea wewe tangu ulikomboe, halafu kadiria zile ambazo huyo wa katikati alizifuta. Huo ndio umri wa cheni ya injini yako.

Kama ina cheni. Hili nalo lijue kabla hujaenda kwa fundi. Toyota IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ikiwa ni ya lita 1.5 ina injini ya 1NZ-FE, na camshafti zake zinazungushwa na cheni iliyofichwa ndani, inayoogelea kwenye oili. Corolla 110 yenye 5A-FE, injini ya ukubwa karibu uleule na wa mwenzake, inatumia beliti ya mpira. Fundi akikuambia IST yako inalia kwa sababu taiming beliti imechoka na nyingine anayo hapahapa stoo, mpongeze kwa kuwa na akiba, mlipe soda, uondoke.

Hatua inayofuata ni kuitisha kikao. Hutahitaji kuwaalika watu. Fungua boneti tu barabarani, watakuja. Atakuja mlinzi, atakuja kijana wa bodaboda, atakuja jirani aliyewahi kuendesha Scania ya kwenda Tunduma. Watainama wote kwa pamoja, mikono mgongoni, na baada ya kimya kifupi cha heshima mmoja atasema, "Hizo ni plagi." Daima ni plagi. Injini ingekuwa inaungua moto, zingekuwa ni plagi. Ni kweli plagi iliyolegea inaweza kutoa mlio wa kupumua-pumua, chu-chu-chu, na kuikaza ni kazi ya dakika chache, kwa hiyo kikao hakikukosea kabisa. Kimekosea tu kwamba hakikuuliza swali hata moja.

Na maswali ndiyo dawa yenyewe. Wenye magari tunajua kuigiza sauti kuliko waigizaji wa redio. Tukifika gereji tunafungua mdomo tunalia krrr, tunalia kwa-kwa-kwa, wengine wanatikisa na mabega. Tunachosahau kumweleza fundi ni saa. Sikiliza mazungumzo yanavyokwenda:

"Fundi, gari linalia kwa-kwa-kwa."

"Linalia likiwa la baridi au likishapata moto?"

"Linalia tu."

"Ukikanyaga mafuta inazidi au inapotea?"

"Fundi, nimekuletea gari, sikuja kufanya mtihani."

Fundi huyo angekuwa wa maana. Amekasirishwa, sasa atafanya unachotaka: atabadilisha kimoja baada ya kingine, kwa fedha yako, mpaka kelele ichoke yenyewe. Kwa hiyo kabla hujaenda kwake, jibu mwenyewe mambo matatu. Inalia lini: ukiwasha asubuhi, au baada ya foleni ya Mbezi? Inafuata nini: mzunguko wa injini, au mwendo wa gari? Hili lipime gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru, ukikanyaga mafuta taratibu. Kelele isiyotokea hapo huenda si ya injini kabisa, ni jeki iliyolegea kwenye buti. Na mwisho, inaongezeka ikibeba mzigo? Mlima Kitonga, ukiwa na watu watano ndani na magunia ya viazi, utakuambia mambo ambayo maegesho ya ofisini hayatakuambia.

Ukishajibu hayo, chomoa kijiti cha oili. Gari liwe mahali tambarare, injini iwe imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke chini. Chomoa, futa kwa kitambaa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Ile mara ya kwanza haihesabiki. Oili inatakiwa isimame kati ya alama mbili. Wako wenye magari ambao hawajawahi kuonana na kijiti hiki, kwa hoja kwamba taa nyekundu ya oili haijawaka. Taa ile haipimi kiasi cha oili. Inapima msukumo, na kwenye injini iliyopungukiwa oili inawaka pale pampu ilipokwisha kuanza kunyonya hewa. Wenye injini za 1ZZ-FE, hasa za kabla ya 2005, wanalijua hili kwa uchungu: ringi zake zina sifa ya kuachia oili ikaungua kimyakimya, na mtu aliyejaza akasubiri kilometa 5,000 za sevisi anaweza kukuta kijiti kikavu. Tik-tik nyingi za juu ya injini huishia hapa, kwenye nusu lita ya oili. Hutapata cha kusimulia kijiweni, lakini zimeisha.

Isipoisha, na tik-tik ikiwa nyepesi, ya haraka, inayopanda na injini, shuku valvu. Camshafti inazunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo injini ikisimama kwenye mizunguko 720 kwa dakika, krenki inazunguka mara 12 kwa sekunde, na valvu moja inapigwa mara 6. Sikio lililozoea linatambua tofauti hiyo: kelele ya juu inatembea kwa nusu ya mwendo wa kelele ya chini. Kwenye 5A-FE nafasi ya valvu inarekebishwa kwa kubadilisha visahani vidogo vya chuma vinavyokaa juu ya tapeti, kila kimoja na unene wake. Kwenye 1NZ-FE hakuna visahani. Inabidi tapeti yenyewe ibadilishwe, na camshafti zing'olewe kwanza. Fundi anayeahidi kukukazia tapeti za IST kwa bisibisi akiwa amesimama ana kipaji, ila hakihusiani na IST.

Sasa tuje kwenye krrrr ya asubuhi, maana hii ndiyo iliyotajirisha watu.

Unawasha gari alfajiri, injini inatoa krrrr kwa sekunde moja au mbili, kisha inatulia kana kwamba haikusema kitu. Mchana mzima haisikiki. Hii ndiyo sauti ya cheni iliyokaa bila oili usiku kucha. Kikaza cheni kinasukumwa na oili. Oili ikichelewa kufika, cheni inapigapiga miongozo yake ya plastiki mpaka msukumo upande. Mwenye duka la oili atakusikiliza kwa huruma na kukuambia injini kongwe inataka oili nzito, akupe 20W-50. Injini yenyewe ilitengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30. Oili nzito inafunika baadhi ya kelele za injini ikishapata moto, ndiyo sababu wauzaji wa magari wanaipenda, lakini asubuhi inapanda polepole, na cheni inabaki peke yake kwa muda mrefu zaidi. Dar es Salaam, ambako alfajiri nayo ni joto, unaweza usione tofauti kubwa. Hamia Makete, kisha uniambie.

Kuna mchawi mwingine ambaye hatajwi: filta ya oili. Ndani ya filta nzuri kuna kipira chembamba kinachozuia oili isirudi chini gari likilala. Filta feki ina rangi nzuri, ina maandishi yote, ina hata hologramu. Kipira ama hakipo, ama kimekauka kikawa kigumu. Oili inashuka usiku, asubuhi njia zote ni tupu, krrrr. Kabla hujakubali kufunguliwa injini, badilisha filta kwa ya uhakika, weka oili inayotakiwa, ya kiasi kinachotakiwa, kwenye 1NZ-FE ni lita 3.7 pamoja na filta, siyo galoni zima la lita 4 "kwa sababu imebaki kidogo, bosi, tuimalizie". Kisha sikiliza asubuhi chache.

Krrrr ikiendelea hata injini ikiwa ya moto, basi cheni imerefuka au kikaza kimechoka, na hapo hakuna utani. Ikiruka meno kwenye injini hii, pistoni na valvu zinakutana mahali ambapo hazikupangiwa kukutana. Ibadilishwe pamoja na kikaza na miongozo yake, vyote kwa mkupuo. Ukibadilisha cheni peke yake ili kuokoa fedha, utakuwa umemtafutia fundi kazi mbili.

Hapa ndipo mtu atakushauri upime kwa kompyuta. Pima, haikatazwi. Ila ujue kompyuta ile haina masikio ya kusikia bati linalolegea. Inasoma vihisio tu. Ikileta P0016, inasema krenki na camshafti hazikubaliani, na hiyo inaweza kuwa cheni iliyorefuka. Ikileta "hakuna tatizo", kijana wa mashine atakugeuzia skrini uone mwenyewe, atapokea fedha yake, na gari litaondoka pale likilia.

Wakati mwingine ni bati, na bati ndilo lenye aibu kuliko yote. Juu ya manifoldi ya eksozi, na chini kwenye bomba, kuna mabati membamba ya kuzuia joto. Boliti zake zinaoza kwa kutu, bati linaachia, na injini ikifika mzunguko fulani tu, tuseme 1,800, linaanza chakachakachaka. Ukizidisha mafuta linanyamaza. Kelele ya namna hiyo, inayochagua mzunguko wake na kuacha mingine, karibu daima ni kitu chepesi kinachotikisika. Dawa yake ni klipu ndefu ya chuma, zile za kufungia mpira wa maji, izungushwe bombani juu ya bati na kukazwa. Bei yake haifiki nauli ya bodaboda ya kukurudisha nyumbani gari likibaki gereji. Ndiyo maana gereji nyingine hawalioni bati hilo hata liking'ang'ania usoni. Wanaiona injini.

"Bosi, hii imekwisha. Tushushe."

"Tushushe nini?"

"Injini. Kuna ya Japani ipo Ilala, haijatembea kabisa."

Namna injini isiyotembea ilivyofika Ilala usiulize, utaharibu biashara. Ila kabla hujashusha chochote, injini ikiwa imepoa kabisa, vaa glovu ugonge mabati hayo kwa ngumi, moja moja. Gonga na lile dumu la masega kwenye njia ya eksozi. Likichakacha ndani kama kokoto kwenye kopo la maziwa, masega yamevunjika. Vipande vyake vinaweza kuziba njia ya moshi, gari likakosa nguvu. Usishangae pia ukigonga ukakuta liko tupu. Masega yana madini ya thamani, na yana tabia ya kutoka gereji na mtu mwingine.

Kwa kelele isiyojulikana inakotoka, tumia bisibisi ndefu. Ncha iweke kwenye kava la valvu, mpini uuegemeze kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Sogeza: kwenye altaneta, pampu ya maji, kava la cheni, ubavu wa injini chini. Bearingi iliyokufa itakuja moja kwa moja kichwani. Toa tai, toa kamba ya kitambulisho, funga mtandio, na kaa mbali na feni, kwa sababu feni ya umeme inajiwasha inapotaka yenyewe. Ukishuku altaneta au pampu, fungua feni beliti, washa injini sekunde chache tu. Kelele ikitoweka, iko kwenye vilivyokuwa vinazungushwa na beliti hiyo.

Ipo na ile inayokuja ukipanda mlima gia ikiwa kubwa: chiri-chiri-chiri, kavu, inapotea ukiachia mafuta. Hapo petroli inawaka kabla ya zamu yake. Inaweza kuwa mafuta mabaya, injini inayochemka, ukaa uliojaa ndani, au, kwa wenye Corolla, distribyuta iliyozungushwa na fundi aliyetaka "iwe nyepesi". Irudishwe ilipokuwa. Wepesi ule unalipwa na pistoni.

Nimeichelewesha makusudi sauti ya mwisho, maana msomaji aliyeanza makala hii nayo angeshauza gari. Ni nzito, inatoka chini, ngo-ngo-ngo, inapanda na mafuta, na injini ikipata moto inazidi badala ya kupungua. Hiyo ni bearingi ya konrodi. Kwa kawaida fundi anazima silinda moja moja kwa kuchomoa soketi ya injekta yake. Kugonga kukipungua au kukibadilika akifika silinda ya tatu, tatizo liko kwenye ya tatu. Hata hapa usikate tamaa haraka, muombe akaze kwanza boliti za kati ya flaiwili na krenki, kwa sababu zikilegea zinaigiza sauti hii vizuri kabisa, na injini nzima zimeshashushwa kwa sababu yake. Lakini ikithibitika ni konrodi, zima. Usiendeshe "mpaka Ijumaa". Usiongeze oili nzito. Ita gari la kuvuta, na ile fedha uliyokuwa unaiweka kwa ajili ya rimu mpya, sasa imepata shughuli.

Imebaki njia moja, ambayo wenye subira ya kutengeneza hawaijui: kuuza. Likiwa na krrrr ya cheni, mkaribishe mnunuzi saa nane mchana, ukiwa umelizungusha gari mtaani kwanza. Litawaka kimya kabisa, naye atalisifu. Na kama wewe ndiye mnunuzi, sema uko safarini jioni, ufike saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu, na kabla ya salamu kuisha weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ni la moto, muulize mwenye gari ametoka wapi saa hizo.